UZI: Viwanja vilivyouzwa mashabiki wakiwa bado wanaimba (Goldstone, Plough Lane, Boedo na vingine)

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila dirisha la usajili tunakesha humu tukibishana nani kasajiliwa, nani kaachwa. Leo naomba tuzungumzie ardhi. Kile kipande cha ardhi ambacho timu imechezea miaka themanini au mia, babu kasimama pale, mtoto kasimama pale, halafu siku moja linaingia katapila.

Naanza na Brighton, maana wengi wetu tumewajua wakiwa Ligi Kuu na wakicheza Ulaya. Mwaka 1997 klabu ile ilibaki hatua moja ifutike kabisa, na chanzo kilikuwa uwanja.

Goldstone Ground ulikuwa Hove, na Brighton walicheza pale tangu 1902. Mwaka 1995 habari zikavuja kwamba bodi inauza uwanja kulipa madeni. Sawa, klabu nyingi zina madeni. Ila hapakuwa na uwanja mwingine uliotayarishwa! Unauza nyumba, watoto umewasimamisha barabarani, hujui watalala wapi. Mashabiki wakaanza kuchimba makaratasi ya klabu, wakakuta kifungu kilichozuia wenye hisa kugawana faida iwapo klabu itavunjwa kimeondolewa. Hapo ndipo hasira ilipogeuka kuwa mapambano.

Tarehe 27 Aprili 1996, mechi na York City, watu waliingia uwanjani, magoli yakavunjwa, mchezo ukasimamishwa dakika ya 16 na haukuendelea. Msimu uliofuata wakaingia tena, klabu ikapokwa pointi 2 huku ikiwa mkiani mwa daraja la chini kabisa la ligi. Kuna waliosema mashabiki wanajiua wenyewe. Mimi nasema wasingefanya fujo ile, nchi nzima isingejua kinachoendelea.

Na nchi ilijua. Tarehe 8 Februari 1997 ilifanyika siku iliyoitwa Fans United. Mashabiki wa klabu tofauti kutoka kila kona ya Uingereza, na wengine kutoka nchi nyingine za Ulaya, walikwenda Goldstone wakiwa na jezi zao kusimama na Brighton. Watu ambao wiki nyingine wanatukanana walikaa jukwaa moja. Brighton wakaifunga Hartlepool 5-0.

Mechi ya mwisho pale ilikuwa 26 Aprili 1997, Doncaster Rovers, bao moja la Stuart Storer. Kipenga kilipolia watu walishuka na kuanza kuchukua kumbukumbu: vipande vya nyasi, viti, vibao vya matangazo, chochote kinachong'oka. Wiki moja baadaye, ugenini Hereford, ikawa mechi ya kufa na kupona. Anayefungwa anatoka kwenye ligi. Brighton walitangulia kufungwa, tena kwa bao la kujifunga, Robbie Reinelt akasawazisha, 1-1. Pointi sawasawa, Brighton wakabaki kwa sababu walikuwa na mabao mengi zaidi ya kufunga. Hereford ndio wakashuka.

Halafu? Goldstone ukabomolewa, yakajengwa maduka. Timu ikaenda kupanga Gillingham misimu miwili, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao, na hiyo ndiyo iliitwa mechi ya nyumbani. Mwaka 1999 wakarudi mjini, kwenye uwanja wa riadha wa Withdean, njia ya kukimbilia imekuzunguka, mvua ikinyesha inakunyeshea. Wakakaa pale hadi 2011, walipofungua uwanja wao Falmer. Miaka 14 bila nyumba!

Ninachotaka tujadili ni hiki: uwanja haupotei siku ya katapila. Unapotea siku mtu anapobadilisha jina kwenye hati, na siku hiyo mashabiki wako jukwaani wanaimba, hawana habari. Karibuni na kumbukumbu zenu, na klabu nyingine mnazozijua.

#2

Mkuu umenikumbusha mbali. Kwenye habari ya Brighton kinachonishika ni Gillingham. Hebu fikiria mzee wa miaka sabini, amezoea kutembea kwa miguu kwenda uwanjani, sasa anapanda basi asubuhi kwenda "nyumbani" kwake katika mji wa watu. Wapo walioacha kwenda tangu hapo, wakaja kurudi Falmer wakiwa na wajukuu, na wapo ambao hawakufika Falmer kabisa.

#3

Mimi niliwahi kuishi London na nilibahatika kuingia Upton Park, uwanja wa zamani wa West Ham, kabla haujavunjwa, kwa hiyo naweza kuusimulia.

Unashuka kituo cha treni cha Upton Park, unatokea Green Street. Hakuna anayekuelekeza njia, unafuata umati. Unapita sokoni, wafanyabiashara wako kazini, jezi za rangi ya zabibu na bluu zimejaa barabara nzima, na uwanja wenyewe huuoni mpaka uko mlangoni kwake, umebanwa katikati ya nyumba za watu. Tiketi yangu ilikuwa ya East Stand, jukwaa la zamani. Wakuu, mstari wa pembeni uko pale pale miguuni. Winga wao alipokuja kurusha mpira nilimsikia anavyohema. Beki alimwita kipa wake nikasikia kila neno. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa anazungumza na mshika kibendera kana kwamba ni jirani yake, na nina hakika mshika kibendera alikuwa anasikia.

West Ham walicheza pale tangu 1904. Mechi ya mwisho 10 Mei 2016, Manchester United. Mchezo ulichelewa dakika 45 kwa sababu basi la United lilizingirwa nje na kurushiwa chupa, jambo la aibu na silitetei. Lakini ndani! United wanaongoza 2-1, Antonio anasawazisha, Winston Reid anapiga kichwa, 3-2. Baada ya hapo taa zikazimwa kwa sherehe ya kuaga, na watu hawakutaka kutoka.

Sasa wako uwanja wa Olimpiki, zaidi ya watu 60,000, wakati Upton Park ulikuwa wa 35,000 hivi. Kwa hesabu ni maendeleo. Ila uwanja ule ulijengwa kwa ajili ya riadha, kutoka kiti chako hadi nyasi kuna nafasi kubwa. Mwaka 2018 mashabiki waliingia uwanjani na kuandamana mbele ya jukwaa la viongozi, mechi na Burnley. Hasira ile ilikuwa na mambo mengi, lakini kuhama kulikuwa mbele kabisa. Upton Park sasa ni maghorofa ya makazi.

#4

Naomba nitofautiane kidogo na mwanzisha uzi, kwa heshima.

Si kila kuhama ni wizi. Arsenal walikaa Highbury tangu 1913 mpaka 2006. Uwanja wa watu 38,000, nje kuna foleni ya wanaosubiri tiketi za msimu miaka na miaka. Wangefanyaje? Waliondoka kwa hiari, wakaenda hatua chache tu, mtaa ni uleule, na mechi ya mwisho 7 Mei 2006 Henry akaifunga Wigan mabao matatu, wakashinda 4-2, Henry akapiga magoti akaibusu ardhi. Ukuta wa mbele wa jukwaa la mashariki haukuguswa kwa sababu umelindwa kisheria kama jengo la kihistoria. Ndani pamekuwa nyumba, na pale palipokuwa na nyasi ni bustani. Athletic Bilbao nao San Mamés ya zamani waliiaga 2013 wakajenga mpya papo hapo ubavuni. Sanamu ya Pichichi, mfungaji wao maarufu wa enzi za kale, wakahama nayo, na desturi ya timu inayofika pale mara ya kwanza kumwekea maua inaendelea.

Kwa hiyo mkuu, tusiwapige mawe wote. Tatizo ni kuhama au ni namna ya kuhama?

#5 (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu wa #4, hoja yako naikubali, na umenifungulia njia ya kufika ninapotaka kufika. Arsenal walijua wanakwenda wapi kabla hawajafunga mlango. Mambo yalipoharibika ni pale klabu ilipotoka kwake bila kuwa na pa kwenda. Ndiyo Brighton. Na ndiyo Wimbledon.

Turudi nyuma kidogo kwa ajili ya vijana. Tarehe 15 Aprili 1989 ilitokea maafa ya Hillsborough, ambayo yaliua mashabiki 97 wa Liverpool. Ripoti ya Jaji Taylor ya 1990 ikataka viwanja vya madaraja ya juu viwe vya viti vitupu, watu wasisimame tena. Kwa usalama ilikuwa lazima, sina ubishi hata kidogo. Ila kwa klabu ndogo zenye viwanja vya kizamani ikawa mtihani: ukarabati au uhame.

Wimbledon walikuwa Plough Lane tangu 1912. Klabu iliyoingia kwenye ligi 1977 tu, ikafika daraja la juu 1986, na 1988 ikaifunga Liverpool fainali ya Kombe la FA, bao la Lawrie Sanchez, Beasant akidaka penalti ya Aldridge. Miaka mitatu baadaye mabingwa hawa wanaambiwa uwanja haufai, wanakwenda kuwa wapangaji wa Crystal Palace pale Selhurst Park. Ya muda tu, waliambiwa. Ikawa zaidi ya miaka kumi. Plough Lane ukauzwa kwa kampuni ya supamaketi, ukakaa pale unaota magugu, ukaja kuvunjwa 2002 na kujengwa maghorofa.

Na hapa ndipo ninaposema uwanja ndio mzizi. Klabu isiyo na ardhi inabebeka. Mei 2002 jopo la watu watatu, kwa kura mbili dhidi ya moja, likaruhusu Wimbledon ihamishiwe Milton Keynes, zaidi ya kilomita 80 kutoka kwao. Leo inaitwa MK Dons. Kama Plough Lane ungekuwa bado mkononi mwao, nani angeweza kuibeba timu ile na kuondoka nayo?

Mashabiki walifanya nini? Wiki chache tu baadaye wakaanzisha AFC Wimbledon. Wachezaji wakatafutwa kwa majaribio ya wazi kwenye viwanja vya jamii vya Wimbledon Common, yeyote mwenye njumu aje. Mechi ya kwanza ya kirafiki Julai 2002 na Sutton United, wakafungwa 4-0 mbele ya watu zaidi ya 4,600. Nne bila, na watu wanashangilia! Wakaanza madaraja ya mitaani, wakapanda moja baada ya jingine, 2011 wakarudi kwenye ligi kwa penalti dhidi ya Luton.

#6

Wakuu naona mmekaa Uingereza tu. Twendeni Buenos Aires, maana hakuna kisa cha uwanja uliopotea kinachoizidi San Lorenzo.

Uwanja wao uliitwa Gasómetro, mtaa wa Boedo, kwenye Avenida La Plata. Ulifunguliwa 1916. Majukwaa ya mbao! Watu wakirukaruka, mbao zinagonga, mtaa mzima unasikia San Lorenzo wanacheza. Na haukuwa wa mpira wa miguu peke yake. Kulikuwa na kikapu, maktaba, na madansi ya kanivali ambayo watu wa rika zote waliyafuata. Vijana walikutana pale wakaoana. Kwa hiyo ukimuuliza mzee wa Boedo habari za Gasómetro, hatakuanzia na bao. Atakuanzia na mama yake na baba yake.

Desemba 1979, chini ya utawala wa kijeshi, wakacheza mechi ya mwisho, Boca Juniors, 0-0. Klabu ilikuwa imezama kwenye madeni, na wakuu wa jiji wakashinikiza eneo litolewe kwa barabara na nyumba. Barabara haikujengwa. Nyumba hazikujengwa. Mwaka 1985 ikafunguliwa supamaketi ya Carrefour. Hebu weka picha hiyo kichwani: unasukuma toroli ya bidhaa pale ambapo baba yako alikubeba mabegani.

Mwaka 1981, bila uwanja, wakashuka daraja, klabu ya kwanza kati ya zile tano kubwa za Argentina kushuka. Sasa sikiliza: 1982 kwenye daraja la pili, kwa viwanja vya kuazima, walijaza watu kuliko wengi wa daraja la juu, wakapanda papo hapo. Mwaka 1993 wakapata uwanja mpya Bajo Flores. Mzuri tu. Lakini watu wa Boedo walisema kwetu ni Boedo.

Wakadai. Machi 2012 makumi ya maelfu wakaandamana hadi Plaza de Mayo, na Novemba mwaka huohuo bunge la jiji likapitisha sheria ya kuwarudishia. Mashabiki wakachanga kwa kununua ardhi mita moja moja ya mraba. Mwaka 2019 klabu ikakabidhiwa ardhi ile. Papa Francis alikuwa mwanachama wao, na kombe la Libertadores (la klabu bingwa Amerika Kusini) la 2014 walimpelekea Vatican.

#7

@#6 nimesoma mara mbili. Mita moja moja ya mraba. Huo ndio ushabiki.

#8

Naongeza viwanja viwili vya kaskazini mwa Uingereza ambavyo mitaa yake imekataa kusahau.

Sunderland waliondoka Roker Park 1997. Palipokuwa na uwanja sasa pana nyumba, na barabara zake zimepewa majina ya mpira: ya lango, ya kiungo cha kati, ya kupanda daraja. Postamasta anapeleka barua langoni.

Ayresome Park ya Middlesbrough, waliyoiacha 1995, ndiyo inayonigusa zaidi. Kombe la Dunia 1966, tarehe 19 Julai, Korea Kaskazini iliifunga Italia 1-0 pale, bao la Pak Doo-ik, Italia wakafunga virago. Watu wa Middlesbrough walikuwa wamewapenda Wakorea wale tangu siku ya kwanza, wakawafuata hadi Goodison Park robo fainali, ambako waliongoza 3-0 kabla Eusébio hajaamka na Ureno kushinda 5-3. Sasa uwanja umeondoka, nyumba zimejengwa, lakini mahali pale hasa Pak Doo-ik alipopigia mpira imewekwa alama ya shaba ya njumu, chini, katikati ya makazi. Nao wachezaji waliokuwa hai walirudi 2002 kuutembelea mji. Lango la chuma la Ayresome lilihamishwa, limesimama mbele ya uwanja mpya.

Nawapongeza waliofikiria jambo lile. Haligharimu kitu kikubwa. Mkandarasi yeyote anayejenga juu ya uwanja anaweza kuacha alama ya duara la kati.

#9

Swali kwa mwanzisha uzi: wakirudi, inakuwa ileile? Maana Wimbledon nasikia wamerudi. Na je, Everton? Goodison umeagwa 2025, nao utavunjwa?

#10 (mwanzisha uzi)

Mkuu wa #9, nianze na Everton, kwa kuwa ni habari njema. Timu ya wanaume ilicheza Goodison kuanzia 1892 hadi 18 Mei 2025, Southampton wakafungwa 2-0, Ndiaye mabao yote mawili. Mpango wa awali ulikuwa kuuvunja. Klabu ikabadili uamuzi, uwanja ukapewa timu ya wanawake. Pale kuna majivu ya mamia ya mashabiki waliofariki, familia zao ziliomba yazikwe kando ya nyasi, mpaka klabu ikabidi isitishe maombi kwa kukosa nafasi. Ungeanzaje kuingiza katapila mahali kama hapo? Nimefurahi sana kwa uamuzi ule.

Wimbledon, ndiyo, wamerudi. Tarehe 3 Novemba 2020 walicheza mechi ya kwanza kwenye Plough Lane mpya, barabara ileile, umbali wa kutembea dakika chache kutoka ule wa zamani. Sare 2-2, na Doncaster. Unaona? Doncaster haohao walioaga nao Brighton pale Goldstone. Na uchungu ni kwamba ilikuwa kipindi cha korona, majukwaa matupu. Watu waliosubiri tangu 1991, waliochanga zaidi ya pauni milioni 5 kwa hati za mkopo za mashabiki ili ujenzi ukamilike, walitazama siku ile kwenye skrini nyumbani. Walipoingia hatimaye, walikuta uwanja mpya kabisa, hauna nguzo wala mabati waliyoyazoea. Kwa hiyo hapana, si uleule. Ila mwenye mali ni mashabiki, kupitia chama chao, na hiyo ndiyo tofauti ninayoijali kuliko umbo la paa.

Na sasa kuna vizuizi ambavyo Goldstone haukuwa navyo. Uingereza, sheria ya 2011 iliruhusu watu wa mtaa kuandikisha mahali kama mali yenye thamani kwa jamii, ili mwenye mali akitaka kuuza lazima atangaze na kuwapa muda wa kujipanga wanunue. Mashabiki wa Oxford United wakawa wa kwanza kuitumia kwa uwanja wa mpira, 2013. Na sheria ya usimamizi wa soka ya 2025 inaitaka klabu ipate idhini ya msimamizi huru kabla ya kuuza uwanja wake au kuhama. Bodi ile ya 1995 isingepita.

Kwa hiyo wakuu, mwenye klabu moyoni aulize leo, timu ikiwa inashinda na hakuna mgogoro wowote: hati ya uwanja iko kwa jina la nani? Klabu yenyewe, kampuni ya mwenyekiti, au halmashauri? Katiba inasema nini kuhusu kuuza, na wanachama wana kura au hawana? Ukipata jibu, lilete hapa tulijadili. Nami naandaa la Vicente Calderón wa Atlético Madrid, uwanja ambao barabara kuu ilipita chini ya jukwaa lake, waliouacha 2017. Mwenye kumbukumbu zake aanze.